Aliyekuwa Akiiamsha Mashine

Mwesiga mwanangu,

Salamu tumeshapeana mezani na ndizi umekula ukashiba, kwa hiyo sina haja ya kukuuliza hali. Begi lako nimeliona karibu na mlango, limefungwa vizuri. Kesho utapanda basi pale Omurushaka uende Dar es Salaam kuanza kazi. Kuhusu nguo, chakula na watu wa kuepuka sitakuandikia kitu. Umeshakuwa mtu mzima, na ukikosea huko utajua mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu ya uamuzi wa Jumapili. Ulitoka nje kabla haujasomwa, ukaniacha nimekaa nikiusikiliza mbele ya watu. Kikundi cha kuzikana kimeifuta nyumba yetu. Maana yake unaijua, lakini naiandika ili usije ukasema siku moja kwamba hukuambiwa. Nikifa tukiwa bado tumefutwa, hakuna mtu wa kitongoji hiki atakayeleta kuni, maji wala ndizi, na hakuna mwanamume atakayeshika chepe. Baba yako ametangulia. Ndugu wa tumbo moja huna. Atakayenizika ni wewe peke yako.

Wametuachia njia moja ya kurudi. Uende kwa mzee Ta Byabato, upige magoti uani kwake mbele ya wajumbe wa kamati, umwombe radhi, naye akupokee. Umekataa. Ulisimama mlangoni ukaniambia, "Mama, mimi niliwaeleza. Kamati ndiyo iliyochagua."

Ni kweli. Uliwaeleza. Nimekaa siku hizi zote nikilitazama neno lako kila upande na sikuona uongo ndani yake, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko kama ungekuwa umedanganya.

Unajua kwamba kila siku naandika tarehe na kilichotokea. Ni tabia niliyotoka nayo sekondari na haijaniacha. Lakini kwa barua hii sikuhitaji kufungua daftari. Mkutano ule wa kuchagua mashine nauona kama vile bado tumo ndani ya stoo ya vyombo vya kikundi, sufuria zimepangwa ukutani, na wewe umesimama katikati na kompyuta yako, umetoka chuoni juzi tu, kila mtu anataka kukusikia.

Ulisema kuna njia mbili za kuuendesha mfumo wa mahudhurio, ule wa kila anayefika msibani kutuma meseji ahesabiwe. Ya kwanza ni seva pepe. Tunakodi mashine iliyoko mbali, inakaa macho mchana na usiku. Watu wakiwa wengi inajiongezea wenzake, wakipungua inawaondoa, lakini ile moja haizimwi kamwe. Na inataka mtu wa kuitunza, kuisasisha, kuifungia milango wezi wasiingie. Ya pili ni kontena. Programu unaifungasha pamoja na kila inachohitaji, unamkabidhi mwenye mashine. Pakiwa na kazi anaiwasha yeye, watu wakiongezeka anawasha nyingine, pakiwa kimya anazima zote. Hakuna cha kutunza, na wakati wa kimya hulipi.

Ma Koku, mtunza vyombo, akakunja uso. "Ngoja kwanza. Yaani ile ya kwanza tunailipa ikae macho inatungoja tufe?"

"Ndiyo, Ma. Ni sawa na kusema hivyo."

"Basi hiyo si mashine. Huyo ni mchawi."

Watu walicheka mpaka sufuria moja ikadondoka. Mwenyekiti akajifuta machozi akasema, "Mwanangu, mchawi hatujawahi kumlipa, hufanya kazi bure. Tupe hiyo inayolala. Sisi hatufi kila siku."

Mimi ndiye niliyeuliza. Nakumbuka kwa sababu hakuna mwingine aliyeuliza kitu tena. Nilisema, "Ikiwa imelala, yule anayebisha hodi wa kwanza inakuwaje?"

Ukanijibu, "Anasubiri sekunde chache tu, Mama, mpaka iamke. Hakuna atakayeona." Kisha ukaongeza kwamba inawezekana pia kuiacha kontena moja macho muda wote, ila hapo tunarudi kwenye kulipia kimya.

"Mchawi tena!" akasema Ma Koku, na stoo nzima ikaangua kicheko upya. Ukacheka na wewe. Nikacheka na mimi. Mwenyekiti akafunga kikao.

Hivyo ndivyo ulivyowaeleza, Mwesiga. Hatari uliitaja katikati ya kicheko, ukaiacha humo humo. Ungeweza kungoja watu wanyamaze. Ulipenda kuchekewa, na mimi nilipenda kukuona unachekewa, kwa sababu tangu baba yako afe hakuna mtu wa nyumba hii aliyekuwa amewachekesha watu.

Usidhani nasema uchaguzi wenyewe ulikuwa mbaya. Nimeufikiria sana na bado naona kwamba kontena ndizo zilizotufaa. Misiba yetu huja kwa vipindi. Miezi inapita kimya, halafu siku moja nyumba zote zinataka kujibiwa kwa pamoja. Kukodi mashine ya kukaa macho, isiyo na mtu wa kuitunza, kwenye kikundi ambacho hata kufuli la stoo limekaa bila kutiwa mafuta mpaka likashika kutu, kungekuwa ujinga wa aina nyingine. Mwizi angeingia humo akakaa kama kwake. Kwa hiyo huko uendako wakikuuliza uchague kati ya hizi mbili, chagua unavyojua. Sina la kukufundisha hapo. Ninachokijua mimi ni kilichotokea baada ya kuchagua, na hicho hakikuandikwa kwenye karatasi zako.

Kwanza nikuambie kwa nini niliutaka mfumo ule. Ulidhani nauunga mkono kwa sababu ni wa mwanangu. Sivyo. Kabla yake, mahudhurio niliyaandika mimi kwa kalamu, na watu walinisema. Walisema nawapendelea wa ukoo wa mume wangu, nawabana wageni. Kuna mke wa mfugaji mmoja, wa wale wanaokaa kule kwenye majani, alifika msibani tumekwisha kufukia. Alikuwa na kichanga mgongoni na miguu imejaa tope mpaka magotini. Akaniambia, "Katibu, nimetembea tangu asubuhi, nitie alama." Nikamwambia alama ni ya waliokuta mwili bado uko juu. Akasema, "Mtoto huyu hajafikisha hata wiki." Nikamjibu kwamba hakuna aliyemwambia azae kipindi cha misiba. Wanawake waliokuwa karibu walicheka. Hakurudi tena kikundini, na nilijisifu kwamba nimesimamia kanuni.

Nakuambia hili ili usije ukawaeleza watu wa Dar kwamba mama yako alikuwa mtu mwema aliyeharibiwa na mashine. Mashine ilinikuta hivi hivi.

Sasa Ta Byabato. Kwako yeye ni babu, baba mdogo wa baba yako, na sisi ndio ndugu zake wa karibu waliobaki upande huu. Wewe umekaa shuleni na chuoni zaidi kuliko hapa, kwa hiyo huenda hukumjua msibani. Yeye ndiye aliyekuwa akipima kaburi. Alikuwa na fimbo yake ya matete, anaupima mwili kwa macho kwanza, kisha anapima chini, na hakuna aliyethubutu kuanza kuchimba kabla yake. Ndiyo maana siku zote alifika wa kwanza, bado giza, migomba inadondosha umande. Anapewa na wenye msiba neno la siku, lile la kuthibitisha kwamba mtu amefika, anatoa kitochi chake, kile kisimu cha vitufe kilichofungwa kwa raba, anaandika kwa kidole gumba herufi moja moja: neno la siku, namba yake, NIPO. Anatuma. Anakirudisha mfukoni, anashika fimbo.

Na mashine ilikuwa imelala.

Hili ulinieleza mwenyewe baadaye, na nilikuelewa vizuri kuliko ulivyofikiri. Ujumbe wake ulifika kwenye ile kampuni inayopokea meseji, kampuni ikabisha nao mlangoni kwetu, mlango ukawa kimya. Kontena ikaanza kuwashwa. Kampuni ikasubiri kidogo, ikaona hakuna anayeitika, ikautupa ujumbe. Palikuwa na mahali pa kuiambia ijaribu tena, nawe hukupawasha. Kontena ilipoamka kabisa, hapakuwa na mtu mlangoni. Kisha wakaja wengine kwa makundi, wakapokelewa mmoja mmoja. Ujumbe wake ndio uliokuwa ukiiamsha mashine, na mashine ikiamka haikumkuta. Wengine walipotea pia, lakini mara moja moja. Yeye alipotea kila msiba, kwa sababu kila msiba alikuwa wa kwanza.

Na hakujua, kwa kuwa mfumo haukumjibu mtu. Wewe ulitaka umjibu. Ulisema, "Mama, kila anayetuma apate jibu kwamba amepokelewa." Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mtu mzima aliyekuja msibani hahitaji kushukuriwa na simu. Hilo ni langu, lichukue uliondoe kwenye mzigo wako.

Orodha ikatoka. Byabato, hakuhudhuria. Msiba uliofuata, hakuhudhuria. Na uliofuata. Mara tatu bila taarifa, nyumba inafutwa, na yeyote atakayeisaidia kwa mkono naye anafutwa. Kanuni hiyo niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu.

Nilimwona, Mwesiga. Nilimwona misiba yote ile. Nilimpa shikamoo akaniitikia, nikamwona anapima, nikamwona amekaa juu ya udongo anakunywa uji. Na si mimi tu. Mwenyekiti alimwona. Ma Koku ndiye aliyempa huo uji. Wanaume waliochimba walichimba pale alipowaonyesha. Tulipoisoma orodha kwenye kamati, hakuna hata mmoja aliyesema "lakini alikuwepo". Kila mmoja alimtazama mwenzake aseme yeye. Mimi nilinyamaza kwa kuwa ni wa ukoo wangu. Nilijua nikisema tu, watasema, si mnaona, amerudia mambo yake. Wao kwa nini walinyamaza, sijui. Labda ni kwa sababu kusema kungetaka kusimama, na wote tulikuwa tumekaa vizuri.

Alikuja kukata rufaa. Alivua kofia mlangoni. "Wanangu," akasema, "mnasema sikuja. Kaburi la Ta Gervazi nani alilipima?"

Kijana mmoja wa kamati akasema, "Mzee, sisi hatubishani. Mashine haina undugu."

Akanigeukia mimi. "Na wewe, mke wa mwanangu?"

Nikasema, "Ta, mashine haina undugu."

Nililirudia neno la yule kijana kwa sababu lilikuwa tayari mezani na lilinipunguzia kazi ya kutafuta langu. Akavaa kofia akatoka. Kikao kikaendelea, tukajadili turubai lililochanika.

Mke wake alikufa masika. Unakumbuka, ulikuwa umekuja nyumbani kungoja majibu ya kazi hii. Kilio kilisikika alfajiri, na hakuna simu iliyolia, kwa sababu nyumba yao haikuwa tena kwenye mfumo. Wewe huenda hukulitambua lililofuata, kwa hiyo nakuambia. Hapa kwetu mtu akifa kitongojini, hakuna anayepeleka jembe shambani mpaka azikwe. Hata mlevi anajua. Siku ile nilisimama uani nikasikia majembe. Kwa Mwenyekiti walikuwa wanapalilia maharage. Kwa Ma Koku wanapalilia. Walikuwa wanapiga jembe kwa nguvu kuliko siku nyingine, nadhani ili wasisikie lile moja lililokuwa likichimba kwa Ta Byabato.

Alichimba yeye na mabinti zake, yule aliyeolewa Kimuli na yule wa Nyakatuntu. Wanawake, Mwesiga, ndani ya kaburi la mama yao, wamefunga khanga viunoni, wanatoa udongo kwa beseni la kufulia. Mwinjilisti alikuja, akasoma, akaomba, akaondoka. Yeye si mwanachama wa kikundi, angeweza kushika chepe, lakini alikuwa amevaa viatu vya ibada. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wetu. Kati yetu na wao ni mistari ya migomba tu. Sikuvuka. Niliiogopa kanuni yangu.

Na wewe ukaniita kutoka ndani.

Nataka usome hapa polepole. Ulikuwa umekaa mezani na kompyuta, umechangamka, macho yanang'aa. Ukasema, "Mama, njoo uone. Nimelipata kosa. Ni mpangilio wa mstari mmoja tu." Ukanionyesha zile alama za meseji zilizotupwa, karibu zote za namba moja. Ukanieleza habari ya kulala na kuamka. Ukaandika pale, ukaweka kontena moja ibaki macho, ukawasha ile ya kujaribu tena. Ulimaliza kabla chai yako haijapoa. Ukaniambia, "Imekwisha. Halitatokea tena." Ulikuwa na furaha, mwanangu. Sikulaumu kwa kulipata kosa. Nakukumbusha tu sauti iliyokuwa ikiingia dirishani wakati unafurahi.

Halafu ukaendesha hesabu upya na jina lake likarudi orodhani. Hukufikiri kwamba likirudi, mfumo wenyewe utamwandikia. Wewe uliupangia hivyo tangu mwanzo: anayerejeshwa anakaribishwa. Nilisikia kitochi cha mzee kikilia kule migombani. Dirishani nikamwona binti wa Kimuli akitoka shimoni, akafuta mkono kwenye khanga, akamsomea baba yake kwa sauti: "Ndugu mwanachama, nyumba yako imerejeshwa. Karibu tuendelee kushirikiana katika misiba."

Kisha nikamsikia mzee akisema, "Wajibu. Waandikie kwamba nipo."

Binti akaandika. Nawe, ukiwa bado mezani, ukaigeuzia kompyuta kwangu ukasema, "Umeona, Mama? Sasa inampokea."

Tangu siku ile sijaweza kukutazama ukila bila kulikumbuka neno hilo. Labda ndiyo sababu mapishi yangu yamekuwa mabaya mwaka huu. Ulilalamika chumvi, sikukujibu.

Kuhusu Jumapili nitakuambia ulichokikosa ulipotoka. Habari ya kosa la mashine ilipoenea, kikundi kilihitaji mtu wa kumtwisha lawama. Wote walimwona mzee, wote walipalilia siku ile, na hakuna awezaye kukaa na jambo kama hilo bila kulitua kwa mwingine. Ma Koku, yule yule wa mchawi, alisimama akasema, "Huyu kijana amejifunzia kazi kwenye maiti zetu. Sasa ameiva, anakwenda kulipwa mjini. Sisi tulikuwa shamba la majaribio!" Wakapiga makofi. Mwingine akasema, "Mwambie akifika Dar awatengenezee na wao ya kuwazika." Wakacheka kicheko kile kile. Niliposimama kusema kwamba kamati nzima ilimwona mzee, Mwenyekiti akaniuliza, "Una uthibitisho, Katibu? Mfumo si wako?" Nikakaa. Nilijua jinsi swali hilo linavyouma, maana nimeliuliza watu wengi.

Alhamisi nilikwenda kwa Ta Byabato. Hukujua, nilikuambia nakwenda kusaga. Sikwenda kukuombea njia. Nilitaka kujua akili yake. Nilimwamkia, akaitikia. Akanipa kiti. Kikapu cha kahawa ya kutafuna, ya kumkaribishia mgeni, kilikuwa mezani pale pale, kati yetu, na hakunisogezea. Nimekaa kwenye ukoo huu tangu niolewe, sijawahi kukaa kwenye nyumba yake bila kutafuna kahawa.

Akauliza, "Kijana anaondoka lini?"

"Jumamosi, Ta."

"Anakwenda kufanya kazi gani?"

"Hiyo hiyo."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hanunui. "Basi waambie watu wa huko wawe na majembe ya kutosha."

Nikamuuliza kama atakupokea ukienda na wajumbe. Akauliza, "Atakuja kwa ajili ya nani?"

Nikasema, "Kikundi kimeagiza."

"Basi atakuja kwa ajili yako, ili upate wa kukuzika. Nitampokea. Mimi sikatai mtu. Nitamwambia inuka, wajumbe wataandika, na nyumba yako itarudi. Na mke wangu atabaki alivyozikwa." Akasimama kunionyesha mlango. "Mlete ukitaka."

Kwa hiyo ujue: ukienda, atakupokea. Basi la kesho si la alfajiri sana, nafasi ipo. Ungeshuka tu pale migombani, upige magoti, umalize, na kaburi langu lingepata wachimbaji. Wewe unakataa kwa sababu unaona huna kosa. Mimi nakukataza kwa sababu nyingine kabisa. Usiende. Sitaki mzee yule atumike tena, mara hii kama mlango wa mimi kurudi kikundini. Kama siku moja, ukiwa huko, utaamka na ukasikia majembe, na ukataka kurudi kwake bila wajumbe, bila mimi, bila orodha, hiyo ni safari yako na sitakuuliza habari zake. Nadhani haitatokea karibuni. Wewe ni mtu wa kurekebisha, na ukisharekebisha unasahau. Umeitoa kwangu tabia hiyo.

Huko watakupa mifumo mikubwa kuliko misiba yetu. Patakuwa na mashine zinazolala na zinazokaa macho, na watu wenye akili watapanga meza nzima ya faida na hasara. Sitaki uwe mtakatifu kati yao. Nakutaka uulize jambo moja kwa jina: nani atafika wakati imelala? Usikubali uambiwe "mtumiaji". Uliza anaitwa nani, anatumia simu gani, na nani atamwambia kama hakupokelewa. Wakicheka, ngoja wamalize kucheka. Kisha uliza tena.

Na sasa lile la kwako na mimi. Nimewaza kwamba labda wataturejesha baada ya miaka, watu huchoka kushika hasira. Lakini siwezi kupanga kwa labda, na wewe usipange hivyo. Ukipigiwa simu kwamba nimekufa, njoo, usiwaandikie ujumbe wa kuwaomba. Nilale kulia kwa baba yako, mahali nilipoondoa mgomba mwaka jana ukaniuliza kwa nini nimeukata mgomba mzima. Udongo wa juu pale ni laini kwa sababu ya majani yaliyooza, lakini ukifika magotini utakuta changarawe nyekundu, na hapo chepe halifai, tumia sururu. Nikifa kiangazi, mwaga maji jioni yake ili pasikushinde. Udongo uutupie upande mmoja tu, ule wa chini wa mteremko, usije ukakuporomokea. Na kabla hujaanza, weka ngazi ya kuchumia kahawa upande wa miguu. Kina kikifika kifuani mtu hawezi kutoka mwenyewe. Wachimbaji huvutana mikono, nawe hutakuwa na wa kukuvuta.

Mama yako